Sketi ya Pipa

Pipa lenyewe lilikuwa zuri, hilo hata adui asingelikataa. Jipya, la bati linalong'aa, refu kufika kiunoni, lenye kanyagio chini na mfuniko unaoshuka polepole bila kelele. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi Mama Pindo alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akilitazama kama anavyotazamwa mkwe asiyetakiwa.

Ilikuwa saa nne na robo. Binti yake angefika saa sita. Na binti huyo akisema saa sita usitegemee hata dakika tano za huruma. Alikuwa muuguzi wa wodi ya mahututi, na watu wote walimwita Nesi, hata mama aliyemzaa.

"Mama, hali hii haiwezi kuendelea," Nesi alikuwa amesema wiki tatu nyuma, akiwa amesimama jikoni hapo hapo na viatu vyake vyeupe vya kazini.

Aliyekuwa akitambaa sakafuni kuelekea kwenye viatu hivyo alikuwa funza. Mmoja tu, Mama Pindo alipenda kusisitiza baadaye, ingawa ukweli ni kwamba ndani ya pipa la zamani kulikuwa na ukoo mzima. Pipa lile lilikuwa kubwa na mifuko anayotumia ilikuwa midogo. Mfuko ulikuwa ukiteleza na kuzama, na nusu ya kinachotupwa ilipita pembeni ikatua chini, ikalowa, ikaoza, wiki nenda wiki rudi. Mama Pindo alikuwa akiutoa mfuko, anaufunga fundo, anashuka nao ngazi, kisha anarudi akiamini ametoa taka. Pua yake haikumwambia kitu.

Nesi alilitupa pipa lile, na kesho yake akaleta hili jipya pamoja na bunda la mifuko mikubwa arobaini inayolienea sawasawa. Akaweka na sharti.

"Nitakuja Jumamosi ya tatu kuanzia leo. Nikifungua pipa nikakuta taka nje ya mfuko, unahamia kwangu. Chumba cha nyuma kiko tayari. Na safari hii hatubishani, mama."

Mama Pindo alikijua chumba cha nyuma. Kina kitanda, kabati, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Cherehani yake isingepita mlango ule hata ikatwe miguu, achilia mbali meza ya kukatia. Angeamka, anywe chai, aukodolee macho ukuta, asubiri chakula cha mchana. Miaka arobaini ameshonea watu kwenye chumba chake hiki cha ghorofa ya pili, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake halijawahi kumfumukia mtu. Leo akakae pembeni kama furushi? Aliogopa, na hofu yake ilikuwa inatoka kwa sura ya hasira, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu ujana.

Tatizo sasa lilikuwa moja. Ile mifuko mikubwa arobaini haikuwepo.

Haikuibwa wala haikupotea. Mama Pindo alikuwa ameikata. Hebu mtu aseme kweli: nailoni nzito, laini, inayoteleza kama bitana ya koti, itiwe maganda ya viazi? Fundi gani mwenye akili zake angefanya hivyo? Siku ya pili tu alichukua mfuko mmoja, akautoboa kitako ili kulabu ya henga ipite, akaupasua mgongo, akamfunikia mteja gauni lisishike vumbi njiani. Mteja alifurahi mpaka akasahau kulalamika kuhusu mikono. Tangu hapo kila nguo iliyotoka mlangoni mwake ilitoka imevikwa kama ya duka la kifahari. Mfuko wa mwisho ulikuwa unaning'inia kwenye kamba ya chumba cha kazi, juu ya gauni la zambarau litakalochukuliwa Jumatatu. Taka zake mwenyewe alizishusha chini kwa mkono, katika vifuko vidogo, mara mbili kwa siku, na pipa la Nesi likakaa tupu kama pambo.

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Alikuwa shoga yake, muuza mayai, jirani wa mlango wa mbele, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu na mdomo usio na breki. Alikuwa ametumwa dukani.

"Mikubwa hakuna," alisema akitweta. "Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna. Wanasema mpaka wiki ijayo. Nimekuletea hii midogo, angalau inanukia ndimu."

"Hiyo harufu ya ndimu nitalivika pipa?"

"Basi liache tupu. Mwambie hujapika."

"Wiki tatu sijapika? Naishi kwa upepo?"

"Mwambie ukweli, shoga yangu."

"Nimwambie ameniletea mifuko ya taka, mimi nikaivalisha magauni? Atasema akili zimeanza kunihama. Leo leo ananibeba, na nguo za kubadilisha anazikunja yeye."

Muuza mayai aliweka bunda la mifuko midogo mezani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akatazama chini, kisha akatazama mkono wa kushoto wa mwenzake. "Na huo mkono utamwambia lini?"

"Mkono umefanya nini?"

"Jana pini imekuponyoka mara tatu. Nimehesabu."

Mama Pindo aliuingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, kama alivyozoea kufanya siku hizi. Ganzi ilikuwa imeanza miezi mitano nyuma kwenye ncha za vidole, akadhani ni uchovu. Sasa ilikuwa kama amevaa subana ya chuma kila kidole, mchana na usiku. Sindano ikimchoma alijua kwa kuona damu kwenye kitambaa. Kushona bado alishona, kwa macho na kwa mazoea, lakini alikuwa anaharibu vitu ambavyo hakuwahi kuviharibu.

"Sikiliza," alisema, na sauti ikashuka. "Neno ganzi likimfikia Nesi, hata nikila kwenye hilo pipa likiwa safi kama sahani, haitanisaidia. Ukimwaga mtama, mimi na wewe basi."

"Simwagi. Lakini sijapenda."

"Hujaombwa kupenda. Niletee vibanio vya nguo."

Wakaanza. Mfuko wa kwanza waliuvuta huku na huku kuuvika mdomo wa pipa. Ulikubali nusu ya ukingo, wakauvuta kidogo tena, ukachanika mpaka chini kwa sauti ya dharau. Wa pili Mama Pindo aliufunga nyuzi kwenye pembe nne, akauning'iniza katikati ya pipa kama bembea. Ulining'inia vizuri sana, huku nafasi kuzunguka pande zote ikiwa imebaki wazi, tayari kupokea funza wapya. Akazikata nyuzi.

"Weka miwili," muuza mayai alishauri. "Mmoja huku, mmoja huku, kama miguu ya suruali."

Lilikuwa wazo, hata Mama Pindo alikiri. Wakabana mifuko miwili ubavu kwa ubavu kwa vibanio, kila mmoja ukashika nusu yake ya ukingo. Kwa juu ilipendeza. Muuza mayai alipasua yai moja, akalimimina kwenye kikombe lisipotee, kisha akatupa ganda lake katikati kwa majaribio. Ganda liligonga pale mifuko inapokutana, likasita, likateleza chini moja kwa moja hadi kwenye bati.

Muuza mayai aliangua kicheko. "Suruali haina msamba!"

Mama Pindo hakucheka. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo. Alihisi kulia, akakasirika kwa kuhisi kulia. Mwanamke aliyewahi kushona suti ya bwana harusi ndani ya usiku mmoja, anashindwa na pipa?

Halafu akaliinamisha pipa, akalitoa ganda. Akalitazama, akatazama mifuko miwili, akavua futi shingoni.

"Shika hapa," alisema.

Akapima mdomo wa pipa kama anavyopima kiuno cha mteja, kidole kimoja ndani ya futi ili nguo isibane. Sentimita mia na kumi na mbili. Akapima urefu, akaongeza upana wa kiganja kwa ajili ya kukunja nje. Akapima mfuko mdogo: themanini na nne kwa mzunguko, arobaini na tano kwa urefu. Akachukua chaki, kwa mazoea, akakumbuka chaki haiandiki kwenye nailoni, akachukua kalamu.

"Unafanya nini?"

"Sketi," alisema Mama Pindo. "Sketi ya vipande viwili. Mfuko mmoja unabaki mzima, unakaa chini na kitako chake. Miwili naikata kitako na ubavu, naiunga iwe kiuno kipana. Kiuno nakiunga na kile cha chini kwa marinda. Ni sketi, ila kavaa mtu aliyesimama kwa kichwa."

"Utaipitisha kwenye cherehani?"

"Sindano itatoboa. Kila tundu litavuja. Pasi."

Nailoni ina tabia yake. Pasi ikiwa baridi haigandi. Ikiwa ya moto sana inatoboka na kunuka mtaa mzima. Kipande cha kwanza cha majaribio kiliyeyuka kikatoa moshi mweusi, muuza mayai akakimbilia madirisha. Cha pili hakikushika. Cha tatu alikiwekea karatasi ya kaki juu na chini, pasi kwenye alama ya hariri, akahesabu moja mpaka nne. Alipobandua karatasi, vipande vilikuwa vimeshikana. Akavivuta kwa nguvu. Vikavutika, vikarefuka, havikuachana.

Hapo moyo wake ulipata nguvu. Akaunga ubavu wa kwanza, akaunga wa pili, kiganja kwa kiganja, karatasi juu, karatasi chini, moja, mbili, tatu, nne. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kope. Muuza mayai alishika upande wa pili wa nailoni na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuongea.

Saa tano na dakika ishirini na tano kiuno kilikuwa tayari. Mama Pindo alimtazama shoga yake.

"Sasa nenda."

"Bado hujamaliza. Nani atakushikia?"

"Nesi akikukuta hapa atakuuliza hali yangu, na wewe hujui kudanganya. Nenda, shoga. Nakushukuru."

Muuza mayai aliinuka kwa shingo upande. Mlangoni aligeuka. "Uwe mwangalifu na hiyo pasi," alisema, akatoka na kikombe chake cha yai.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu. Mshono wa ubavu unalala mezani, lakini mshono wa kuzunguka hauna pa kulala. Mama Pindo alitoa kibao chembamba cha kupigia pasi mikono ya mashati, akakivisha nailoni, akawa anaizungusha kidogo kidogo, anakunja rinda, anaweka karatasi, anakandamiza, anahesabu. Akimaliza kipande anasogeza. Saa haikumsubiri. Tano na nusu. Tano na dakika arobaini. Robo tatu ya mzunguko ilishashikana, na kibao sasa kilikuwa kinakwama, kwa sababu mdomo uliobaki ulikuwa mdogo kuliko upana wake.

Hapo ndipo aliposikia viatu kwenye ngazi.

Aliijua hatua ile. Nesi alikuwa hachelewi, hilo alilijua. Alichosahau ni kwamba huwa anawahi. Ilikuwa bado dakika kumi na mbili.

Alichomoa kibao. Akaingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto ndani, chini ya karatasi, viwe badala ya kibao. Hakuwaza. Ndivyo alivyofanya miaka yote kwenye kola za watoto na mapindo madogo ya mikono yasiyokubali ubao. Unaweka vidole, pasi inagusa, vidole vyenyewe vinakuambia sasa toa. Akakandamiza. Moja, mbili, tatu, nne. Akasogeza. Moja, mbili, tatu, nne.

"Hodi!"

"Subiri, navaa!" Mama Pindo alipiga kelele. Moja, mbili, tatu, nne. Mara ya mwisho karatasi iliteleza, akaona lakini hakusimama. Moja, mbili, tatu, nne. Mshono ukafunga mzunguko.

Akachomoa mkono, akaweka pasi wima, akaibeba sketi yake ya nailoni kwa mkono wa kulia hadi jikoni. Aliishusha ndani ya pipa. Kitako kikagusa chini. Kiuno kikapanda, kikavuka ukingo, akakikunja nje kuzunguka pipa lote, na kilienea kwa raha, hakikubana wala kulegea. Akakumba maganda ya viazi ya asubuhi na majani ya chai, akayatupia. Mfuniko ukashuka taratibu kama kawaida yake. Mkono wa kushoto akautia mfukoni, akaenda kufungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi."

"Njia ilikuwa nyeupe." Nesi aliingia, akasimama, akanusa. "Nini kimeungua?"

"Nilikuwa napiga pasi."

Na hilo halikuwa uongo. Nesi alimtazama mama yake usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda jikoni moja kwa moja. Alitoa glavu kwenye mkoba wake, akazivaa. Akakanyaga kanyagio.

Mama Pindo alisimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameingojea saa hii wiki tatu nzima, na sasa ilipofika alijisikia kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Akaegemea mlango.

Nesi aliinama, akawasha tochi ya simu, akamulika ndani. Akagusa ukingo. Akazima tochi.

"Hii si mifuko niliyoleta."

"Siyo."

"Niliyoleta iko wapi?"

Hapa palikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, na Mama Pindo aliupitia wote kwa haraka. Lakini Nesi alikuwa amezaliwa na yeye, amelelewa na yeye, na kumdanganya ilikuwa kazi bure. "Njoo," alisema.

Akampeleka chumba cha kazi, akamwonyesha gauni la zambarau kwenye kamba.

Nesi alilitazama, na kile kilicholifunika. Akainua pembe ya nailoni, akaona alama ya kampuni ya mifuko, akaiachia.

"Yote arobaini?"

"Thelathini na tisa. Mmoja nilikosea kukata."

Nesi aligeuka. Alirudi jikoni, na mama yake akamfuata akiwa roho juu. Nesi alichukua jagi, akalijaza maji, akayamimina yote ndani ya pipa juu ya maganda. Akajaza jagi la pili, akamimina. Kisha akaushika mfuko kwa mikono miwili, akautoa wote nje, ukiwa umetuna na mzito, akauning'iniza juu ya sakafu. Kwa ncha ya kiatu akasogeza gazeti kavu likae chini yake. Akageuza mkono kutazama saa yake.

Mama Pindo alilitazama gazeti lile. Alikuwa ameshona nguo za harusi, za mazishi, sare za shule nzima, na hakuwahi kuuombea mshono wowote kama alivyouombea huu. Tone moja tu. Tone moja na maisha yake yanahamia kwenye dirisha la ukuta.

Dakika ikapita. Nesi akaongeza nyingine, kwa ukorofi tu. Gazeti lilibaki kavu.

Akaurudisha mfuko pipani polepole. Akapitisha kidole cha glavu kwenye marinda, akazunguka nayo yote. "Umeunga kwa pasi."

"Kwa pasi na karatasi."

"Mama." Nesi alivua glavu, na uso wake, ambao ulikuwa umekaza tangu mlangoni, ulilegea ghafla. "Mimi nilishatandika kitanda."

"Kitandue."

Nesi alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nilidhani nitakuta uchafu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na wewe, hata maneno nilikuwa nimeyapanga kwenye basi. Nakuta umelishonea pipa sketi. Mtu mwenye akili ya kufanya hivi nimwambie nini? Basi. Kaa kwako, mama. Sitasema tena."

"Hutasema tena?"

"Sitasema. Na mifuko nitaleta mia. Hamsini ya taka, hamsini ya magauni."

Alikuwa na zamu mchana. Alimkumbatia mama yake, na Mama Pindo akamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni. Mlango ukafungwa, viatu vikaanza kushuka.

Mama Pindo alibaki peke yake katikati ya chumba chake. Furaha ilimpanda kutoka miguuni; alicheza hatua mbili tatu, mzee mzima, akauambia ukuta, "Nani kama mimi?" Kisha akakumbuka pasi haijachomolewa, akaichomoa, akatoa mkono mfukoni ili akusanye karatasi za kaki.

Kulikuwa na kipande cha nailoni kimeganda kwenye vidole viwili. Alidhani ni masalio tu. Akakishika kwa mkono wa kulia, akakivuta kama mtu anavyovuta uzi uliobaki kwenye pindo.

Kilikuja na ngozi.

Chini yake palikuwa pekundu, pametota, na pembeni lengelenge jeupe lilikuwa limetuna kutoka kiungo cha kwanza mpaka cha pili. Mama Pindo aliinua mkono karibu na macho. Alisubiri maumivu yaje. Alishaungua mara nyingi maishani, alijua yanavyokuja: kwanza kimya, kisha yanapanda mpaka kwenye meno. Akasubiri. Hayakuja. Aliibonyeza nyama ile nyekundu kwa kidole gumba. Ilikuwa kama anabonyeza mkono wa mtu mwingine.

Akatazama pasi. Alikuwa amehesabu mpaka nne, mara nne, juu ya vidole vyake mwenyewe, na havikumwambia toa.

Viatu vya Nesi vilikuwa vimefika ghorofa ya kwanza.

Hakuna aliyekuwa ameona. Angefunga kitambaa, shoga yake angeleta dawa ya kupaka, lengelenge lingekauka, na nyumba ingebaki yake, tena kwa haki. Ameshinda. Nesi mwenyewe amesema hatasema tena. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya alikuwa amekaa miezi mitano. Lakini aliutazama ule mkono, akaogopa kuliko alivyoogopa chumba cha nyuma, na safari hii hofu haikugeuka hasira. Ilibaki hofu tupu.

Mlango wa chini ulibamizwa. Mama Pindo alikwenda dirishani.

"Nesi!" aliita, na sauti ikatoka ndogo. Akaita tena, kwa nguvu zote. "Mwanangu!"

Nesi alisimama barabarani, akainua uso, bado anatabasamu. "Nimesahau nini?"

"Panda."

"Mama, nachelewa zamu."

Mama Pindo alitoa mkono wa kushoto nje ya dirisha, akaufungua kiganja.

Ghorofa mbili si mbali kwa macho ya muuguzi. Tabasamu lilitoweka, mkoba ukaanguka, na hatua zilizopanda ngazi safari hii zilikuwa za mtu anayekimbia. Nesi alimshika mama yake kifundo cha mkono bila kuuliza kitu, akamvuta mpaka jikoni, akafungulia bomba, akauweka mkono chini ya maji.

"Imekuunguza lini? Mbona hukusema? Inauma sana?"

"Haiumi," alisema Mama Pindo.

Nesi aligeuka, akamtazama.

"Haiumi, mwanangu. Miezi mitano sasa."

Nesi hakukiachia kile kifundo. Maji yaliendelea kumwagika juu ya vidole viwili vilivyobabuka, yakitiririka mpaka kiwikoni, na Mama Pindo aliyatazama kwa makini jinsi yanavyopita, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Ni ya baridi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," alisema Nesi. "Ni ya baridi."